Mchanga wa Mtaa Ndani ya Buti la Gari Jekundu

Mshauri mpendwa, nakuandikia unisaidie kabla mke wangu hajafunga mizigo, maana amesema Jumapili atakwenda kwao Yoichi akajifungulie huko, na ingawa najua wanawake wengi wa huku kaskazini mwa Japani hurudi kwa mama zao kujifungua, yeye amesema wazi kwamba haendi kwa ajili ya desturi, anakwenda kwa sababu ya gari langu, na kwamba hatarudi na mtoto mpaka gari hilo liondoke au theluji iyeyuke, nami nataka mtoto wangu wa kwanza azaliwe hapa Otaru, nikiwapo.

Mimi ni mtu wa Chiba, ambako theluji huonekana siku mbili kwa mwaka, na nilipomwoa Chikako nilikuja na gari langu jekundu la michezo, la viti viwili, linalosukumwa na magurudumu ya nyuma, ambalo nililipata kwa jasho langu, na mwezi wa Novemba shemeji yangu alipohitaji kurudishiwa gari dogo alilotuazima, lile linalovuta kwa magurudumu yote manne, nilimrudishia kwa moyo mweupe nikamwambia mke wangu asihofu, matairi ya theluji ni matairi ya theluji, kinachobaki ni dereva, na rafiki yangu mmoja alikuwa na matairi ya theluji yaliyotumika misimu sita tu, mikato yake ikiwa bado na kina kizuri, nikayafunga yote manne kwa mikono yangu.

Nakiri kwamba mwanzoni kulikuwa na matatizo madogo, kwa mfano wiki ya kwanza ya Desemba nilishindwa kuumaliza mteremko wa mtaani kwetu, magurudumu ya nyuma yakazunguka bure, gari likarudi kinyumenyume taratibu hadi likaketi ndani ya rundo la theluji mbele ya duka la tofu, ile jibini ya soya, na Mzee Sugaya, jirani yetu ambaye ndiye msimamizi wa sanduku la mchanga la mtaa, ule wa kumwaga juu ya barafu watu wasiteleze, akaja na koleo lake akanichimbua huku akicheka, "Kijana wa Chiba, gari lako linanusa njia kwa makalio?" na Chikako aliyekuwa kiti cha pembeni akashuka, akapanda mteremko kwa miguu na mimba yake ya miezi saba, na alipofika juu ndipo alipogeuka akasema, "Hilo sanduku lako jekundu endesha mwenyewe. Mimi na huyu hatupandi tena."

Basi nikasoma mahali kwamba gari la namna hii likitiwa uzito nyuma hushika barabara vizuri zaidi, na kwa kuwa chini ya mteremko wetu lipo lile sanduku la mchanga ambalo mtu yeyote anaruhusiwa kulifungua, nikachukua mifuko yote minane nikaipanga kwenye buti, maana ni mchanga wa watu wote na mimi ni mmoja wao, na siku tatu baadaye mama mkwe alikuja kututembelea na mtungi wa figili za kuchachua, akakuta mteremko unang'aa kama kioo, akafungua sanduku, halina kitu, akajaribu kupanda hivyohivyo, akaanguka akavunjika kifundo cha mkono, jambo lililotusikitisha sote, hasa kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa amuogeshe mtoto.

Jioni yake Mzee Sugaya alikuja kwetu na kikapu cha machungwa, akainama pale mlangoni mpaka paji la uso likagusa sakafu, na mama mkwe, ambaye akikasirika hana breki, akamwambia, "Kazi moja tu, Mzee! Kazi moja mtaa mzima umekupa!" naye akajibu, "Ni kweli, Mama. Kosa ni langu," kisha akajiuzulu usimamizi alioushika kwa majira kumi na tisa ya baridi, na sikuona faida ya kuongeza maneno wakati ule kwa kuwa watu walikuwa wamekasirika, na machungwa yalikuwa matamu kweli.

Ninachotaka kukuuliza ni namna ya kumthibitishia mke wangu kwamba gari sasa ni salama, kwa sababu tangu nipakie ule mchanga linapanda mteremko bila kusita hata kidogo, ushahidi ninao kila asubuhi, ninapanda na kushuka mbele ya Mzee Sugaya mwenyewe akiwa barabarani anamwaga majivu ya jiko lake, lakini Chikako hataki hata kutazama dirishani. Tafadhali usilitaje jina langu.

Mwenye Gari Jekundu, Otaru

JIBU

Mwenye Gari Jekundu,

Umeniuliza juu ya gari, nitakujibu juu ya gari, ingawa halina kosa lolote. Lingekuwa na kinywa, lingeandika barua hii vizuri kuliko wewe.

Tairi la theluji hushika kwa sababu mpira wake ni laini kwenye baridi. Misimu sita huukausha mpira huo ukawa mgumu kama kisigino cha kiatu, na kina cha mikato hakiurudishii ulaini. Mwaka tairi lilipotengenezwa umeandikwa ubavuni mwake. Ulikuwa umepiga magoti ukiyafunga, macho yakiwa kiasi cha shubiri moja kutoka kwenye maandishi hayo, na hukusoma. Rafiki yako hakukupa matairi. Alikupa takataka zake uzitupe.

Kuhusu uzito, umesoma nusu ya ukurasa. Uzito nyuma husaidia gari hilo kuondoka. Haulisaidii kusimama, na ukizidi hulinyanyua pua, usukani ukawa pambo. Mifuko minane iliyopangwa tu bila kufungwa itakuwa na safari yake yenyewe kwenye kona ya kwanza utakayoiingia kwa haraka, na gari litaifuata.

Sasa hesabu ndogo ambayo mtu mzima hakupaswa kufanyiwa. Gari lako lina viti viwili. Hospitali mtakwenda wawili, mtarudi watatu. Mtoto utamweka wapi? Juu ya mifuko ya mchanga? Mwanamke amekaa miezi minane akimngojea mtoto huyu, nawe hujamtafutia hata mahali pa kukaa, kisha unaniuliza kwa nini anatazama upande wa Yoichi. Anatazama huko kwa sababu ana akili.

Hayo ndiyo uliyouliza. Uliyoyaficha katikati ya sentensi ndefu, ukidhani mimi mzee nitasinzia njiani, nimeyasoma mara mbili.

Nimeishi katika mji huu wa miteremko miaka sabini na mmoja. Nimeona watu wakiibiana wake na mashamba. Sijapata kuona mtu anayechukua mchanga wa sandukuni. Unasema ni wa watu wote. Ni wa watu wote ukiwa barabarani, chini ya miguu yao. Ukiwa kwenye buti lako ni wa mwizi. Hata watoto wetu wa chekechea hujua kwamba mfuko unaofunguliwa pale, humwagwa palepale, na anayepita nyuma yako ndiye uliyemmwagia.

Umemvunja mkono mama mkwe wako. Umemwacha mzee asiye na kosa aweke paji la uso kwenye sakafu yako akuombe radhi kwa kosa lako, nawe ukamenya machungwa yake. Kisha unaniandikia kwamba yalikuwa matamu. Koo lako limeumbwa na nini?

Na ule ushahidi wako wa kila asubuhi, ngoja nikuvue. Unafikiri gari linapanda kwa sababu ya mifuko minane na ustadi wa dereva. Mzee Sugaya yuko barabarani kabla yako, hana cheo tena, hana mchanga, anamwaga majivu ya jiko lake mteremko mzima ili asianguke mtu mwingine. Gari lako linapanda juu ya majivu hayo. Umepita mbele yake ukijisifu, na yeye ndiye aliyekuwa akikusukuma.

Fanya hivi. Leo, si kesho. Toa mifuko yote, uirudishe sandukuni ukiivuta kwa kigari cha kuburuta kwenye theluji, kwa miguu, watu wakikutazama. Mmoja ufungue uumwage mahali alipoanguka mama mkwe. Rudi nyumbani umwambie Chikako yote, umesimama, bila neno "lakini". Kisha nenda kwa Mzee Sugaya na machungwa mengi kuliko uliyokula, ukainame kama alivyoinama yeye, na wakati paji lako liko sakafuni umwombe arudi kwenye sanduku lake. Gari lifunikwe turubai mpaka theluji iyeyuke. Mtafute shemeji yako umwombe awapeleke Yoichi Jumapili, wewe na Chikako, wewe ukiwa kiti cha nyuma pamoja na mizigo. Mama mkwe ana mkono mmoja na mtoto anahitaji miwili ya kumuogesha. Mikono yako ni mizima. Ukifika huko uombe kazi hiyo, usingoje uombwe. Chikako akikufungia mlango, subiri nje, ujue penye baridi pakoje.

Jina lako sijalitaja, kama ulivyoomba. Majina ya mke wako na jirani yako hukuomba yafichwe, wala mimi sikuona sababu ya kuyaficha, kwa maana hao hawana cha kuonea haya. Miteremko yenye duka la tofu, sanduku tupu na gari jekundu si mingi hapa Otaru. Gazeti hili hufika milangoni alfajiri. Wakati huu Mzee Sugaya bado yuko barabarani na ndoo yake, na gazeti lake halijafunguliwa. Akimaliza majivu ataingia ndani, atapasha chai, atatafuta miwani.

Weka gazeti chini. Vaa viatu.