Mshipi wa Kuelea Wamshinda Mkwe

Mama Pius wangu wa Pito, huko Sumbawanga, pokea salamu zenye chumvi ya bahari.

Mkwe wetu wa huku pwani aliapa: nikivua samaki, atakula ugali wa ulezi anaouita tope, nikikosa, nisiutaje Ufipa tena mezani kwake. Nikachagua mshipi wa kuelea. "Baba, samaki wako chini!" akanicheka. Nikamwambia, "Maji yananifika magotini, hiyo chini yako iko wapi?" Mshipi wake wa kuzama ukanasa kwenye matumbawe. Wangu ukavutwa na kolekole mnene, nikashangilia kwa Kifipa!

Jioni mkwe kala ugali wa ulezi, kisha kaomba aongezewe. Wavuvi wananong'ona kwamba mzee wa Sumbawanga kawaroga samaki, nami sikatai. Jifunike vizuri, kipenzi, baridi ya huko haina adabu kwa mwanamke anayelala peke yake.