Asiyesema Redioni

Jumatatu, 3 Machi
Nimekabidhiwa kitabu cha Mjomba. Kurasa mia nne na kumi — nizigeuze mchezo wa redio, vipindi sita. Mtayarishaji anasema wewe mpwa wake, hatakusumbua. Yeye hamjui Mjomba. Nimempigia simu. Kakohoa kwanza, kama kawaida yake: kata utakavyo, ila mfalme anayeiba sauti za watu usimguse. Nikasema huyo ndiye mchezo wenyewe. Kafurahi mpaka kakata simu bila kuaga.

Jumatano, 5 Machi
Nimeondoa majoka mawili, vita moja, harusi moja. Raha. Kabaki mhusika aitwaye Dada. Ni bubu, kwa hiyo mfalme hana cha kumwibia, na ndiye anayewakomboa wote. Mtayarishaji kasema asiyesema redioni hayupo. Mfute, kazi yake mpe kaka yake.
Nimemfuta. Dakika kumi tu.
Dada huyo ni Mama. Ukoo mzima unajua. Alipata homa akiwa na miaka minne, sauti ikaenda zake. Masikio yakabaki — makali kuliko yetu sote.

Jumamosi, 8 Machi
Mama kaja kunifulia mapazia. Nilimwambia asije. Nimerudi kutoka dukani, nikamkuta mezani, miwani puani, muswada wote mbele yake. Hakukasirika. Afadhali angekasirika. Kaandika kwa penseli chini ya ukurasa wa mwisho: "Nimekufa kipindi cha ngapi?"
Nikacheka. Halafu kicheko kikaniishia. Nikamweleza, hii redio, Mama, msikilizaji haoni. Akanitazama kama anavyomtazama muuza samaki anayeapa samaki ni wa leo. Akaenda kuanika mapazia.

Jumapili, 9 Machi
Mama kalala hapa. Kipindi cha sita kimenigomea. Wote wameibiwa sauti, hata kaka — sasa nani atamwita mlinzi afungue lango? Asubuhi nzima najikuna kichwa. Nikasikia jikoni: mbili, kimya, moja. Kifundo cha kidole juu ya meza. Ndivyo alivyokuwa akiniita nikizubaa kwa majirani, akigonga mlango wao. Nikainuka kabla sijafikiri.
Nimesimama mlangoni mwa jikoni kama mjinga. Ndiyo hiyo. Chai ilikuwa tayari, kumbe ndicho alichoniitia.

Jumatatu, 10 Machi
Nimemrudisha Dada, anagonga lango, na Mama mwenyewe ndiye agonge studioni. Mtayarishaji hataki. Eti kugonga si mhusika. Nikasema basi jina langu litolewe kwenye mchezo. Sijui mdomo huo nimeutoa wapi. Kasema haya, Ijumaa, mara moja tu. Ikiharibika, anarudi kaka.
Nimemwambia Mjomba. Kakohoa. Kisha: hata mimi nilimtoa, mara mbili. Nikauliza ikawaje akarudi. Kasema, mama yako alisoma.

Ijumaa, 14 Machi
Naandika hapa korido ya studio. Fundi wa sauti alimwelekeza Mama kwa kupaza sauti, kama anaongea na kiziwi. Mama kamwandikia: "Nasikia. Punguza."
Wamesimamisha mlango mtupu wa mbao katikati ya chumba. Taa nyekundu ikawaka. Mbili, kimya, moja. Hapo mlinzi afungue — ndivyo nilivyoandika. Mwigizaji wa mlinzi, mtu mzima, miaka thelathini ya kazi, hakufungua. Mama naye hakutugeukia. Aliweka kiganja kwenye mbao akakipitisha taratibu, chini, juu, chini, kama unavyompapasa mgongo mtoto mwenye homa. Pumzi yake ikasikika. Sikuandika mimi hayo. Mtayarishaji alikuwa ameinua mkono akatishe. Mkono ukabaki juu.
Sasa wako ndani, wanasikiliza rekodi mara ya tatu. Mama kavua viatu, yuko kando yangu, anachungulia ninachoandika. Naziba kwa kiwiko. Anakisukuma kiwiko.
Mlango umefunguka. Mtayarishaji. Haniangalii mimi. Kachuchumaa mbele ya Mama, anamuuliza kwa sauti ya chini: pale mwisho, mama yangu, ulikuwa unamwambia nini mlinzi?
Mama kaninyooshea mkono. Anataka kalamu.