Maji ya Pipa la Tatu

4 Machi

Mwanangu,

Salamu nyingi. Hapa tu wazima, ukiacha tumbo langu ambalo tangu Jumatatu halitulii. Naamini nawe hujambo, na kazi za mabomba zinakwenda.

Ni habari ya chujio lako. Ulipolijenga wakati wa likizo lilikuwa fahari yangu: maji ya kufulia na kuogea yanaingia pipa la kwanza, yanapita kwenye mchanga pipa la pili, yanatoka meupe la tatu, nami namwagilia spinachi. Sasa yananuka. Si harufu ya sabuni iliyochacha, ni uvundo unaokaa kooni. Jana nilikwangua mchanga wa juu kama ulivyonielekeza. Ulikuwa mweusi, unateleza kama kamasi, ukaniingia kwenye kucha. Nimenawa mara nne, na bado nikishika mkate nausikia uvundo ule.

Niambie nifanye nini.

Mama yako

12 Machi

Shikamoo mama,

Pole na tumbo. Mimi mzima, kazi tu ndizo zinanibana.

Usikasirike, lakini hayo ni mafuta. Kuna mtu anamwaga humo maji ya masufuria. Mafuta yakiziba mchanga, hewa haipiti, uchafu unaoza. Toa mchanga wa juu kina cha kiganja, weka mwingine uliooshwa. Na uzungumze na yule mshonaji uliyempangisha chumba cha nyuma. Wapangaji ukiwaachia hawana simile.

Mwanao

2 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Tumbo limepoa kwa dawa.

Mpangaji nilimsema. Nilisimama mlangoni kwake nikamwambia uchafu wake unaniua. Hakujibizana nami. Alisema, "Mama, sufuria zangu naoshea kwenye karai, namwaga nje ya geti. Twende tukachimbe tuone."

Tukajifunga vitambaa puani, tukafukua bomba kuanzia kwenye pipa. Hatua tatu kutoka ukutani tukakuta kiungo. Tawi moja linatoka bafuni, la pili linatoka chooni kwake. Akaenda akavuta maji, nami nimeinama na kifuniko cha pipa mkononi. Sikuandikii nilichokiona kikiingia. Nilitapika palepale, juu ya viatu vyangu.

Kiungo kimezungushiwa utepe wa bluu mara saba, kama unavyofunga wewe siku zote.

Spinachi zile tumezila, mwanangu. Nimegawia nyumba nne. Bibi wa jirani alimpondea mjukuu wake.

Nasubiri neno lako.

Mama

25 Mei

Shikamoo mama,

Natumaini hamjambo. Barua hii nimeianza na kuichana mara nyingi.

Ni mimi. Shimo la choo cha mpangaji lilikuwa limejaa, likizo imebaki siku mbili, nikaona niunge kwa muda halafu nirudi kuchimba jingine. Nilipofika kazini nikajisahaulisha. Uliponiandikia juu ya harufu nilijua kabla sijamaliza mstari, na bado nikaandika mafuta. Tangu hapo nikijitazama kwenye kioo natamani kugeuza uso.

Kuna fundi namfahamu huko, atakuja kuzoa kila kitu. Usimwambie mtu, mama. Tulimalize kimyakimya.

Mwanao

3 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Sisi tu wazima. Mjukuu wa bibi alilazwa siku mbili mwezi wa nne. Daktari hakusema kilichomuumiza, na mimi sijui. Sasa anacheza.

Umechelewa kuniambia ninyamaze. Nyumba zote nne nimeshazipitia. Nilikuwa nimepanga kusema ni fundi fulani tu. Bibi akaniuliza, "Fundi gani, tusije tukamwita na sisi?" Nikasema ni mwanangu. Akatema mate kando, hakunikaribisha ndani. Simlaumu.

Mpangaji nimemwomba radhi. Bomba tumelikata, anatumia choo changu, asubuhi tunapeana zamu. Spinachi tumezing'oa na kuzifukia.

Fundi wako simtaki. Mchanga upo vilevile, juu umekauka, lakini ukichoma kijiti chini kinatoka na funza. Utauzoa wewe. Ukimaliza utaoga, uvae shati safi, upite nyumba zile nne useme mwenyewe ulichounga. Nitatembea nyuma yako, na sitakusaidia hata neno.

Mama yako