Kompyuta Haimjui Mama Mdogo

S.L.P. 418,
Jumapili, 9 Machi.

Mpendwa Mama Mdogo,

Bado naisikia kucha ya yule karani wa viza ubalozini ikigonga kioo: ko, ko, ko. Aliibandika barua yako ya mwaliko kwenye kioo ili niione, akawa anagonga mahali pamoja tu. Tangu siku hiyo mtu akigonga hata kikombe kwa kijiko, nageuka kumtafuta karani.

Shikamoo. Natumaini nyonga inakuacha ulale, na kwamba jirani yako bado anakuletea mkate na kukufagilia theluji mlangoni. Sisi huku miili haijambo. Naandika kwa mkono kama ulivyonizoesha, kisha nitazipiga picha kurasa hizi nikutumie, maana posta haitawahi. Tafadhali usinipigie simu kabla hujafika mwisho.

Nilikuwa nimetimiza kila walichotaka. Barua ya likizo kutoka maabara ya maji, picha isiyo na tabasamu, hata bima ya kuokolewa mlimani kwa helikopta. Nilipouliza bima hiyo ni ya nini, mlinzi wa mlangoni alinicheka. "Nchi yote ile ni milima, dada. Ukiteleza jikoni unatua bondeni." Nikamwambia naenda kumsaidia mtu kushuka ngazi, siendi kupanda kitu. Tangu hapo akawa ananiita Mpanda Milima.

Basi neno lililogongwa lilikuwa "binti yangu". Najua lilivyoingia. Umeniita mwanangu tangu sijaota meno, ukaligeuza neno hilo kwa lugha ya huko bila kuwaza mara mbili. Karani alikuwa ameshika cheti changu cha kuzaliwa kwa mkono wa pili.

"Huyu anasema wewe ni binti yake. Cheti kinasema mama yako ni mwingine. Sasa mama yako ni yupi?"

Nikajibu kwamba ni wote wawili. Hapo ndipo nilipojiharibia.

Hakuwa mtu mbaya. Aliinama karibu na tundu la kuongelea, akashusha sauti. "Dada yangu, hata mimi nina mama wadogo watatu, na mmoja ndiye aliyenilea. Lakini kompyuta hii haimjui mama mdogo. Ina mzazi, mtoto, ndugu wa kuzaliwa, mume, mke. Wewe uko kwenye 'wengineo'." Na wengineo, akanieleza, hawapewi viza ya kumuuguza mgonjwa. Wanaweza kuomba ya utalii, lakini foleni ya utalii itafika baada ya upasuaji wako kwisha. Juu ya hayo, jina langu sasa limewekewa alama: maelezo hayalingani.

Nilikaa kwenye ukingo wa barabara mbele ya jengo lile, bahasha mapajani. Kazi yangu ni kupima kilichomo ndani ya maji na kukiita kwa jina lake, na siku ile mimi mwenyewe sikuwa na jina. Lakini si hilo lililonitesa. Kilichonitesa ni kwamba nilijua papo hapo ni nani angeingia kwenye orodha ile bila swali, na nilikumbuka pia ulivyoniambia kwenye simu: mtu yeyote, isipokuwa yeye.

Nilimkuta Mama kwenye cherehani, pini mdomoni. Nikamweleza yote niliyomficha: ulivyoanguka, upasuaji, na kwamba ukitoka hospitali unarudi ghorofa ya tatu peke yako. Hakusimamisha cherehani. Alitoa zile pini moja moja, akasonya.

"Ana karatasi zake, zimuuguze. Si ndizo zilizomzuia kuja kumzika mama yetu?"

Nimekutetea mara nyingi juu ya jambo hilo. Nimemwambia kwamba kibali chako cha kuishi huko kilikuwa bado kinashughulikiwa, na kwamba ungetoka usingeruhusiwa kurudi. Jibu lake ni lile lile, kwamba mtu mwenye nia hupita. Safari hii sikubishana. Nilimwambia tu, "Twende ukajionee."

Akaninunia. Chakula tulikula kila mtu na sahani yake, kila mtu na ukuta wake. Kisha asubuhi moja nikamkuta amevaa gauni lake la shughuli, mkoba begani. "Naenda kuangalia," akasema. "Siendi kuomba."

Mbele yetu kwenye foleni alikuwapo mwanamume mmoja, fundi bomba, bado na ovaroli ya kazi. Baba yake amefariki huko huko kwenye milima yenu, naye alitaka kwenda kumzika. Hakukosa hata karatasi moja. Akapewa siku ya mahojiano, na siku yenyewe ni baada ya mazishi. Alimshukuru karani. Ndiyo, alimshukuru, akakunja karatasi zake vizuri, akaondoka. Mama alimtazama mgongo mpaka akapotea mlangoni.

Zamu yetu ilipofika, alisogea kwenye dirisha kabla sijamwambia. "Mgonjwa ni mdogo wangu," akasema. "Baba mmoja, mama mmoja. Vyeti hivi hapa."

Karani alikuwa yule yule. Alisoma vyeti viwili, akasoma barua ya hospitali uliyonitumia, akasema upande wa karatasi hakuna tatizo. Tatizo likawa vidole. Mashine haikuviona. Miaka yote ile ya sindano na pasi imevisugua mpaka havina mistari. Vikafutwa, vikapakwa mafuta, vikabanwa tena kwenye kioo, na kila mara taa nyekundu. Mama akachoka. "Mwulizeni mdogo wangu," akasema, "ananijua bila vidole." Karani akacheka, lakini taa haikucheka. Nilikuwa nimeshika ukingo wa kaunta nikimwomba Mungu kwa ajili ya kidole gumba. Ndicho kilichosomeka mwishowe.

Tulipokaribia nyumbani akasema, "Nilidhani ni visingizio."

Baba anakusalimu sana, anasema ukisharuhusiwa kutembea usijifanye kijana. Kaka na mkewe wanakuombea. Yule binamu tunayemwita Kasuku anataka kujua kama theluji ina harufu. Mshukuru jirani yako kwa niaba yetu sote, hasa kwa lile nililomwomba juzi.

Utakasirika, na una haki. Sikukuomba ruhusa kwa sababu nilijua ungekataa. Viza ya Mama ilitoka Ijumaa, na tiketi nikaikata siku ile ile. Nimerudi kutoka uwanja wa ndege sasa hivi. Alipita ukaguzi akiwa amevaa sweta mbili na hakugeuka nyuma. Jirani yako atampokea kesho asubuhi na kumfikisha kwako. Hata kama hamtasemeshana, mfungulie.

Mungu aishike mikono ya madaktari, na yenu ninyi wawili.

Akupendaye bila kupungua,
Msomi wako.