Paka Niliyemtupa Nkololo

Bariadi, 20 Mei 2024

Dada Rahma,

Asalaam aleikum. Sisi wazima, na mama anaanika mahindi.

Umeandika kwamba ukija Idi utataka kuona kaburi la Pamba. Hakuna kaburi, dada. Paka wako hakufa usingizini kama nilivyokuambia. Uzee ulimfanya akojoe kwenye magodoro, nikachoka. Tarehe 3 nilimtia ndani ya gunia asijue njia ya kurudi, nikampeleka Nkololo. Nilipomfungua, alifuata sauti yangu hadi kwenye pikipiki, maana alikuwa haoni tena. Mama mmoja akaniuliza, "Kijana, bibi kizee huyo amekukosea nini?" Nikaondoka.

Nimerudi mara tatu kumwita, sijampata. Njoo mapema, dada. Labda wewe atakuitikia.

Mdogo wako,
Nuruddin