Vidonge Nilivyovitema

Buigiri, Chamwino

Dada Hilda,

Shikamoo. Natumaini hujambo, na kifua cha shemeji kimetulia. Mimi ni mzima, ingawa siku hizi neno hilo naliandika kwa wasiwasi, kama utakavyoona.

Nimepokea barua yako kwamba unataka kumleta mwanao Gladness akae nami, kwa kuwa nyumba imekuwa kimya mno tangu malaria imchukue mke wangu Ruthu. Asante sana.

Baada ya mazishi walikuja watu wa utafiti, wanapima damu hata za wasioumwa. Nikamtania muuguzi wao, Mwamvua wa Kondoa, kwamba mgonjwa hatafutwi shambani. Akanijibu kwamba vimelea haviogopi jembe. Kweli, nikakutwa navyo, na sina hata homa. Akaeleza kwamba vinaweza kukaa kwenye damu miezi mingi, na mbu akiniuma mimi anaweza kumpelekea mwingine. Nilipouliza kama ni mimi niliyemwambukiza Ruthu, alisema hakuna awezaye kujua. Huenda mbu mmoja alituuma wote wawili.

Hayo ya mwisho ndiyo niliyoondoka nayo. Nilimkumbuka Ruthu akishona tundu la chandarua chetu kwa uzi mwekundu, akinigombeza kwamba nina kucha za kuku miguuni. Nguo zake ndugu zake waligawana siku ya kumaliza tanga.

Dada, naona haya kuandika. Dawa wanayoijaribu humezwa mbele yao. Mimi nilivificha vidonge chini ya ulimi, nikavitema nyuma ya choo. Niliona nikivimeza nitakuwa nimefukuza kitu cha mwisho tulichokuwa nacho pamoja, mimi na yeye. Mwamvua akanisifu kuwa mgonjwa msikivu.

Barua yako ilipofika, nikamwona Gladness amelala humu ndani, na mbu anatoka kwangu kwenda kwake. Nilishindwa kuimalizia. Kesho asubuhi nakwenda kumwambia Mwamvua ukweli, hata kama watanitoa kwenye utafiti wao, nipewe dawa niimeze.

Kwa sasa usimlete mtoto. Damu yangu ikiwa safi, nitamwomba Mwamvua akupigie simu yeye mwenyewe. Mimi nikikuambia nimepona, usiniamini.

Nisalimie shemeji, na umpe Gladness pole ya kungoja.

Mdogo wako,
Kefa