Nafasi Tupu Mbele ya Uzito

Mpendwa mshauri,

Naomba unisaidie kabla toleo letu jipya halijatoka wiki ijayo, maana nimechoka kiasi kwamba hata nikilala naamka na uchovu uleule. Kazi yangu ni kutunza kiini cha mfumo wa kompyuta, ile sehemu ya ndani kabisa ambayo mtumiaji haioni lakini kila programu inaitegemea, na kipande changu ni kile kinachosoma mizani iliyochomekwa kwenye kompyuta, na ndani yake kulikuwa na kosa la tangu sijaajiriwa: kila uzito ulitanguliwa na nafasi moja tupu, kama ile iachwayo kati ya maneno, ambayo mwongozo wetu wenyewe unaikataza. Nikaiondoa. Mkuu wetu, tunayemwita Breki kwa sababu kazi yake ni kukataa, alinipinga kwa miezi, akisema, "Binti, hilo kosa watu wameshalizoea, kuna programu zimejengwa juu yake," nami nikamjibu mbele ya wote kwamba tukiendelea kulea uchafu wa waliotutangulia tutabaki walinzi wa jalala, wenzangu wakacheka, Breki akaguna, "Haya, pitisha," nikajiona nimeshinda.

Sasa wifi yangu ni muuguzi kwenye kliniki ya watoto, na kompyuta yao naitunza mimi, kwa hiyo niliwawekea toleo la majaribio nikidhani nawafanyia hisani, na Jumatatu akanipigia akicheka: "Wifi, huu mzani umeunywesha nini? Nimebeba bonge la mtoto mpaka kiuno kinaniuma, mashine inaniambia kilo nne!" Mtoto alikuwa na kilo kumi na nne. Aliyeandika programu yao aliijua ile nafasi tupu, akaiamuru programu ikate herufi ya kwanza bila kuitazama, na sasa nafasi haipo, kinachokatwa ni tarakimu ya kwanza, na kompyuta inakokotoa dozi ya dawa kutokana na uzito huo. Kampuni iliyoiuza imeshafungwa, hakuna wa kuirekebisha.

Nilikwenda mchana uleule nikawarudishia kiini cha zamani, wifi akanivutia kiti, akanitania kwamba nimekonda kama waya, na sikumwambia kwamba chanzo ni mimi. Tangu hapo nabishana na nafsi yangu: nimefuata mwongozo, mjinga ni yule aliyekata bila kutazama, kwa nini nirudishe takataka kwa ajili yake, tena kuna watengenezaji wapya wa mizani wanaosubiri uzito usio na nafasi hiyo, na nikirudi nyuma, kila nitakachopendekeza kitaitwa "yale mambo ya binti wa mizani." Nifanyeje?

Ni mimi,
Niliye Sahihi na Sina Raha

*

Binti yangu,

Pole. Barua yako nimeirusha mbele ya nyingine zote, na utaona kwa nini. Kusafisha kazi ya watu usiowajua, bila hata kushukuriwa, kunachosha kweli. Lakini kaa vizuri nikuseme.

Umeniandikia kurasa nzima kutafuta nani mjinga. Kliniki ya wifi yako uliikimbilia mchana uleule. Je, zile nyingine? Kuna muuguzi mahali fulani ambaye hana wifi anayetunza kiini. Atampima mtoto, ataona kilo nne, na hatacheka, kwa sababu foleni imefika mlangoni na mashine haijawahi kumdanganya. Hilo ulilijua ulipokuwa unaniandikia, ndiyo maana huna raha.

Mwongozo ni kile mlichosema mtafanya. Ile nafasi tupu ni kile mlichofanya miaka yote, na programu za watu zimekiamini hicho. Ukikigeuza ghafla, anayeumia hajui hata kwamba wewe upo.

Leo nenda kwa Breki. Usimzungushe na "nadhani kuna changamoto ndogo." Mwambie: "Badiliko langu linapunguza uzito wa watoto, naliondoa kwenye toleo." Akinuna, anune. Njia ya zamani iache na nafasi yake tupu. Pembeni yake fungua njia mpya, yenye jina lake, inayotoa uzito peke yake; hao watengenezaji wapya watumie hiyo. Andika kwenye mwongozo kwamba ile ya zamani iko hivyo kwa makusudi, ili atakayekuja baada yako asishike ufagio. Mkitaka kuifunga siku moja, tangazeni toleo baada ya toleo, kiini kitoe onyo kila programu inapoitumia, na msiifunge wakati onyo bado linasikika.

Wifi yako mweleze ukweli wote, kisha muulize kliniki gani nyingine zina programu hiyo. Toleo la majaribio liko nje tayari, na huenda hukuliweka wewe peke yako. Zipigie simu mwenyewe, usimtume mtu. Kila muuguzi, ukianza na wifi yako, muulize: tangu toleo hilo liwekwe, mmewapima watoto gani? Hao wote waitwe wapimwe upya.

Kunja gazeti, shika simu.